Mgonjwa karudi nyumbani na mfuko wa dawa: maswali mnayoniuliza mara kwa mara kuhusu nesi wa kuja nyumbani

Mimi ni muuguzi, nazunguka majumbani hapa Dar, na wagonjwa wangu wengi wametoka wodini na presha, sukari, moyo, kiharusi au upasuaji. Haya maswali nayakuta karibu kila nyumba kwahiyo nimeyaandika sehemu moja. Kama mgonjwa wenu bado yuko wodini soma sasa hivi, kuna mambo ya kuuliza kabla hamjatoka getini.

Nesi wa nyumbani anafanya nini hasa kuhusu dawa? Si tunaweza kumpa wenyewe?

Kumpa mnaweza, na siku nyingi nyie ndo mtakaompa, maana mimi nikimaliza naondoka na mgonjwa anabaki na nyie. Kazi yangu ni kuhakikisha anachomeza ndo kile daktari alichokusudia. Nalinganisha karatasi ya kuruhusiwa na dawa zilizopo ndani, napima presha, sukari, uzito, naangalia kama dawa inamsaidia au inamuumiza, nachoma sindano zilizoandikwa, namfundisha mtu mmoja wa nyumbani mpaka aweze bila mimi, na kitu kisipoeleweka namtafuta daktari aliyemruhusu. Nesi akija akampa vidonge akaondoka bila kupima wala kuuliza chochote, kazi hajaimaliza, na mna haki ya kumwambia.

Aje lini baada ya kuruhusiwa?

Mapema, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na kama kuna insulini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa zaidi ya tano basi kesho yake. Familia nyingi zinasubiri mgonjwa "atulie kwanza" ndo zipige simu, wakati makosa mengi yanafanyika hizo siku za kutulia.

Kwanini anataka kuona dawa zote, hata za zamani? Hospitali si wametupa mpya?

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hili ndo kubwa kuliko yote. Mgonjwa aliondoka nyumbani akiwa na dawa zake, akalazwa, wodini wakabadilisha, anarudi na mfuko mpya, na zile za zamani bado ziko kwenye kabati, kwenye mkoba, chini ya mto, nyingine kwenye kopo la Blue Band juu ya friji. Hakuna aliyemwambia aache zipi. Anameza zote.

Mfano ninaokutana nao mara nyingi: baba wa moyo ana pakiti imeandikwa Lasix ya kabla ya kulazwa, hospitali wamempa pakiti imeandikwa furosemide, anameza zote mbili asubuhi kwasababu majina tofauti na hata vidonge havifanani. Ni dawa ileile moja, ya kukojoa. Anakojoa mchana kutwa, midomo imekauka, akisimama kizunguzungu, presha ukipima iko chini, na familia wanasema ugonjwa umerudi. Dawa za presha ni hivohivo, za maumivu ndo usiseme, kuna vidonge vina diklofenaki na paracetamol humohumo kwenye kidonge kimoja alafu mtu anaongezea Panadol juu, ambayo ni paracetamol hiyohiyo, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 za paracetamol kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu ni chini ya hapo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilipoanzisha kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa lilitaja maeneo matatu ya kuanza nayo, moja likiwa ni mgonjwa anapohama kutoka mikono ya huku kwenda ya kule, kwa mfano wodini kwenda nyumbani. Mengine mawili ni mgonjwa mwenye dawa nyingi kwa wakati mmoja na dawa au hali zenyewe za hatari, na mzee wa nyumbani kwenu mara nyingi ana yote matatu.

Kwahiyo nikifika naomba mkeka au meza, nasema leteni kila kitu, vidonge, maji ya macho, sirapu, vitamini, dawa za mizizi, mafuta ya kuchua, hata alizopewa na jirani. Tunapanga, tunasoma majina ya chini yale madogo, maana hilo ndo jina la dawa yenyewe, lile kubwa ni la kampuni. Zilizosimamishwa naziweka kwenye mfuko tofauti na naufunga mbele yenu. Halafu naandika orodha moja tu, kubwa, ya Kiswahili, inabandikwa ukutani: jina, ya kazi gani, saa ngapi, kiasi gani, mpaka lini.

Bahasha imeandikwa 1x3, maana yake nini?

Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani takriban kila baada ya masaa 8. 2x2 ni viwili asubuhi na viwili jioni. Shida inakuja hapo, nimeshakuta mzee aliyeambiwa 1x3 anameza vitatu kwa mkupuo asubuhi ili "amalize" kabla hajaenda msikitini, na mwingine kasoma kinyume. Siku ya kuruhusiwa usikubali bahasha yenye hizo namba peke yake, mwambie mtoa dawa akutajie saa, andika kwa kalamu yako mwenyewe. Muulize pia hii ni ya kumalizika au ni ya maisha. Dawa ya presha ikiisha mwezi wa kwanza watu wanadhani dozi imekwisha, wanaacha, na hapo ndo kiharusi kinapopata nafasi.

Famasi wametuuzia yenye jina lingine, ni sawa?

Mara nyingi ni dawa ileile ya kampuni nyingine, angalia jina dogo na miligramu. Zikilingana hamna shida. Zisipolingana usimpe mpaka uulize. Na mjue duka la dawa muhimu sio famasi kamili, dawa nyingi za moyo na za kuyeyusha damu hamtazikuta pale, kwahiyo mkikaribia kuishiwa anzeni kutafuta wiki nzima kabla, msisubiri kidonge cha mwisho.

Sista, si uongeze tu dozi, presha si umeiona iko juu?

Hapana. Naomba msinichukie kwa hilo. Mimi napima, naandika, nampigia daktari, yeye anaamua, na maagizo yake naomba kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Ninachoweza kufanya palepale ni kuzuia dawa isitolewe pale nikiona hatari, mfano presha iko chini sana au sukari imeshuka, alafu nampigia saa hiyohiyo. Nesi anayebadilisha dozi kwa kichwa chake kwenye sebule ya watu mwogopeni. Na presha iliyo juu mara moja sio presha mbaya, mwache akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee, ndo upime tena.

Amesahau dozi ya asubuhi, tumpe mbili jioni?

Usimpe mbili kwa pamoja. Kama saa hazijapita sana apewe sasa hivi, kama ya pili imekaribia aruke iliyopita aendelee na ratiba. Kwa insulini, warfarini na dawa za kifafa piga simu kwanza. Andikeni kwenye daftari kwamba ilirukwa, nikija nikiona daftari lina alama ya ndiyo siku zote wakati vidonge vimebaki vingi tutazunguka bure kutafuta kwanini presha haishuki.

Insulini tutaweka wapi, umeme unakatika na wengine friji hatuna?

Swali zuri na linawatesa wengi. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji ya kawaida, nyuzi 2 mpaka 8, mlangoni au shelfu ya kati, isigusane na barafu. Ikiganda imekufa hata ikiyeyuka inaonekana nzima, itupwe. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje sehemu yenye kivuli kwa takriban wiki 4, soma na karatasi ya ndani ya boksi maana zinatofautiana, na andika tarehe uliyofungua juu ya chupa.

Ambaye hana friji, mtungi wa udongo ndo rafiki. Weka chupa ndani ya kopo lisiloingiza maji, kopo ndani ya mtungi wenye maji kidogo, kitambaa kibichi juu, mtungi ukae penye upepo. Na msiwe na hofu iliyopitiliza, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti mwaka 2021, walipima joto la nyumba kwenye kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, wakakuta insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 inabaki na nguvu yake. Dadaab sio pa baridi. Kinachoharibu insulini haraka ni dashibodi ya gari, dirisha la jua, na friza.

Mambo mawili ninayoyasimamia mpaka niyaone kwa macho: sindano iwe ile ya insulini ya yuniti 100 kwa mililita, sio bomba la kawaida la cc 2 au 5, yuniti 10 ni sehemu ya kumi tu ya mililita moja na kwenye bomba kubwa hauwezi kuipata, utamuua mtu. Na ile insulini ya mawingu viringisha taratibu kwenye viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, usiitikise kwa nguvu. Badilisheni sehemu ya kuchoma, tumbo upande huu, kesho ule, mkichoma palepale panafanya uvimbe na dawa inaingia kwa kusuasua.

Tutajuaje sukari imeshuka?

Jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuongea vitu visivyoeleweka, hasira bila sababu, kulala kusikoamka vizuri. Ukiwa na mashine pima, chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) ni imeshuka. Kama huna mashine, tibu tu. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida sio ile isiyo na sukari, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda ale chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbieni hospitali. Wazee wanaomeza glibenclamide (wengi mnaiita Daonil) sukari yao ikishuka inaweza kushuka tena baada ya masaa, kwahiyo hata akizinduka apelekwe.

Mdogo wangu kabadilishiwa valvu ya moyo, wamempa warfarini, tumeambiwa asile mchicha kabisa?

Sio kabisa. Mchicha, kisamvu, matembele vina vitamini K ambayo inapingana na warfarini, lakini tatizo ni kubadilikabadilika, wiki hii majani kila siku wiki ijayo sifuri. Ale kiasi kilekile kila wiki ili daktari aweze kupanga dozi juu yake. Vijana wengi wanaofanyiwa valvu pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, kwahiyo hawa ni watu wa miaka 15, 20, 25, wana maisha marefu mbele na hiki kidonge, lazima wakielewe wao wenyewe sio mama zao tu.

Kipimo chake ni INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Wengi lengo ni kati ya 2 na 3, wenye valvu ya chuma ya mitral (mlango wa upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini) kawaida ni juu kidogo, 2.5 mpaka 3.5. Ikiwa chini damu inaganda kwenye valvu, ikiwa juu anavuja damu. Tarehe ya kipimo isirukwe hata kama anajisikia mzima. Ameze saa ileile kila jioni.

Sasa hatari yenyewe iko kwenye duka la dawa la mtaani. Anaumwa tumbo anapewa Flagyl, anakojoa kwa maumivu anapewa Septrin, zote mbili zinapandisha warfarini vibaya. Goti likiuma anapewa diklofenaki au asprini, anatoka damu tumboni. Kila anapokwenda kununua chochote sentensi ya kwanza iwe "natumia warfarini". Fizi kutoa damu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kaanguka akagonga kichwa hata kama hana jeraha, hospitali siku hiyohiyo. Na dada zangu mnaotumia warfarini, mkitaka kubeba mimba semeni kliniki kabla, sio baada ya kukosa siku zenu, dawa hii ina madhara kwa mtoto aliye tumboni miezi ya mwanzo ya mimba.

Kwanini baba anapimwa uzito kila asubuhi? Yeye sio mnene.

Sio kwa ajili ya unene, ni maji. Moyo ukizidiwa maji yanajikusanya mwilini na mizani inaona kabla miguu haijavimba. Asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, aandike. Ikipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 pigeni simu, msisubiri ashindwe kulala chali. Dawa ya kukojoa apewe asubuhi, akipewa saa mbili usiku atashinda chooni na wazee wanaanguka gizani.

Na dafu. Najua mgonjwa akirudi kila mgeni anakuja na dafu. Lina potasiamu nyingi, na kama anatumia spironolactone pamoja na enalapril au losartan (dawa za moyo na presha), hasa figo zikiwa hazifanyi vizuri, potasiamu inaweza kupanda mpaka moyo ukapoteza mapigo. Wapokeeni wageni kwa heshima zote, madafu wanywe watoto.

Bibi hawezi kumeza baada ya kiharusi, tunasaga vidonge kwenye uji, sawa?

Baadhi sawa, baadhi ni hatari. Kidonge kilichoandikwa retard, SR, XR au MR kimetengenezwa kitoe dawa taratibu kutwa nzima, ukisaga inatoka yote kwa mara moja, nifedipine ya hivo inaweza kumshusha presha kwa ghafla sana. Vyenye ngozi ya kulinda tumbo navyo visisagwe. Nipeni orodha niongee na mfamasia, dawa nyingi zina mbadala wa maji au aina nyingine. Kama ana mpira wa puani kila dawa isagwe peke yake, maji kabla, maji baada, msichanganye zote na uji zikaziba mpira. Na kabla ya chochote akae wima, akikohoa kila anapomeza simamisheni mniite.

Dawa za kienyeji, kombe, vitunguu swaumu?

Siji kumnyang'anya mtu imani yake. Naomba tu mniambie ukweli. Kombe shida yake ni moja, kwa mgonjwa wa moyo au figo aliyepimiwa maji ya siku, ule ujazo nao uhesabiwe. Mizizi iliyochemshwa ambayo hata muuzaji hataji ni nini siwezi kuikubali kwa mwenye figo au ini lililochoka. Vitunguu swaumu vya kwenye mchuzi havina neno, kumeza punje nyingi kila siku au vidonge vyake pamoja na warfarini kunaongeza hatari ya kuvuja damu.

Ramadhani ikifika?

Kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, ili dozi na saa zipangwe upya. Usihamishe mwenyewe dozi ya asubuhi kwenda daku. Mwenye sukari akipima mchana ikawa chini ya 4 au zaidi ya 16 afungue, na kupima kwa kujitoboa kidole hakubatilishi funga, mashekhe wengi wameshalisema hilo.

Kapewa mofini ya maji, si atakuwa teja?

Hapana, na naumia ninapokuta mgonjwa wa saratani analia usiku huku chupa imefichwa kabatini kwa hofu hiyo. Inatolewa kwa maumivu, kwa kipimo, kawaida kila masaa 4 kwa kufuata saa ya ukutani, sio mpaka maumivu yazidi. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia, inapungua. Choo kitafunga karibu kwa kila mtu kwahiyo dawa ya kulainisha choo iende nayo tangu siku ya kwanza, kama hamkupewa ulizeni. Pimeni kwa bomba lililokuja nayo sio kijiko cha nyumbani. Akiwa haamki na anapumua taratibu sana msimpe nyingine, pigeni simu. Chupa ifungiwe, watoto wasifike.

Kuna jirani alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, anaweza kumchoma sindano kupitia kanula?

Msimruhusu. Ile kanula inaingia moja kwa moja kwenye mshipa, dawa ikisukumwa haraka au mikono ikiwa michafu mgonjwa anarudi wodini na hali mbaya kuliko aliyotoka nayo. Pakiuma, pakivimba au pakiwa pekundu itolewe hata kama imewekwa jana. Anayechoma awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, muombeni awaonyeshe, mimi huwa naitoa kabla sijaombwa. Bei kubalianeni kabla, kwa ziara au kwa wiki, na kama mna bima waulizeni kabla hamjamtoa mgonjwa, sio baada.

Mgonjwa ana dawa ambazo hataki ndugu wazijue.

Anaambiwa muuguzi peke yake, chumbani, na zinabaki kati yetu. Sitaziandika kwenye orodha ya ukutani. Lakini lazima nizijue, mfano anayetumia ARV yenye dolutegravir akianzishiwa dawa za TB zenye rifampicin, dolutegravir inatakiwa mara mbili kwa siku badala ya moja maana rifampicin inaipunguza nguvu. Akinificha hiyo virusi vinapata upenyo na hakuna atakayejua kwanini.

Hela imeisha, tumpe nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi?

Niambieni kabla hamjaanza kugawa. Hakuna aibu hapo. Mara nyingi daktari anaweza kuandika ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo, au kupunguza dawa ambazo sio za lazima, orodha ya vidonge 9 nikiipeleka kwake huwa inarudi fupi. Antibayotiki na za TB hazigawanywi nusu kamwe.

Dawa zilizobaki na sindano zilizotumika tuzifanyeje?

Zilizobaki msigawie jirani mwenye ugonjwa "kama ule", na msitupe chooni. Zirudisheni famasi au kituo cha afya, au nipeni mimi. Sindano zikitumika msirudishie kifuniko, ziingie moja kwa moja kwenye chupa ngumu ya plastiki kama ya Jik, iandikwe SINDANO, ikijaa robo tatu fungeni kwa nguvu mpeleke kituoni zikateketezwe. Wanaozoa taka wanapekua mifuko kwa mikono mitupu.